Anayeomba Baraka Nyuma ya Ukuta

Kabla Edilene hajafungua mlango wa chumba chake, alimsikia mama yake jikoni akisema, "Mungu akubariki, mwanangu."

Kwa watu wa kilima kile hayo ni maneno ya kila asubuhi. Mtoto, hata awe ameota mvi, hagusi kahawa kabla hajaomba: nibariki, mama. Na mama, hata awe amenuna kiasi gani, hujibu. Asiyeomba huitwa mshenzi. Asiyejibu bado hajapatikana, ndiyo maana hana jina.

Kasoro ya asubuhi ile ilikuwa ndogo tu. Edilene alikuwa hajaomba. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa.

Alitoka akamkuta mama yake, Dona Zulmira, amempa mgongo, kikombe mkononi, uso umesogea karibu na ukuta wa nyuma, ule uliojengwa kwa kuchimba ubavu wa kilima na kuegemeza matofali kwenye udongo.

"Nibariki, mama."

"Mungu akubariki. Mara mbili leo? Umefanya dhambi gani wewe?"

"Mara mbili wapi? Ndiyo kwanza natoka kitandani."

Mama alimtazama, kisha akautazama ukuta, kisha akamtazama tena. "Basi kunywa kahawa, itapoa."

Kahawa ilikuwa na ladha ya udongo.

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku kumi na moja, na katika mji ule wa milimani juu ya Rio, mwezi wa Februari, siku kumi na moja za jua ni jambo la kutilia shaka. Vumbi lilitanda kwenye ngazi zote mia mbili na kitu za kilima chao, Morro da Boa Espera. Mbwa walikuwa wanahema. Lakini ukuta wa jikoni kwa Dona Zulmira ulikuwa unatoka jasho. Edilene aliugusa kwa kiganja, akakivuta haraka. Ulikuwa wa baridi, halafu ulikuwa laini kidogo, kama tumbo.

Alipaswa kujua maana yake. Alisomea uhandisi wa ujenzi miaka sita, na shahada yake mama aliipigilia msumari sebuleni, pembeni ya picha ya Mtakatifu Jorge juu ya farasi. Kati ya hao wawili, mtakatifu ndiye aliyekuwa na kazi. Edilene alikuwa amepeleka barua kila mahali palipo na mlango. Majibu yalikuwa mamoja: wanataka uzoefu. Uzoefu wa nini? Wa kuishi chini ya kilima kinachoporomoka alikuwa nao tele, ila huo haukuwa na cheti.

Maana kilima kile kilishaanguka mara moja. Februari tatu nyuma, kwa alasiri moja ya mvua, kilishusha nyumba kumi na moja na watu kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa Marinês, dada yake mkubwa, aliyekuwa amepanda nyumba ya juu kurudisha sufuria ya watu. Wazimamoto na mbwa wao walichimba siku kumi na saba. Wakubwa walikuja na mabuti ya mpira yaliyokuwa bado yanang'aa, wakapigwa picha, wakaahidi ukuta wa zege. Zege liko njiani hadi leo. Marinês hakupatikana. Walizika gauni lake la kijani kwenye jeneza, na Dona Zulmira hakulia, kwa sababu, alisema, mtu halilii gauni.

Kisha manispaa ikabandika karatasi nyekundu mlangoni: nyumba hii ni hatari, hameni. Mhame mwende wapi, karatasi haikusema.

"Mama, tuondoke," Edilene alisema asubuhi ile. "Ukuta umelowa kwa ndani. Udongo umejaa maji, sijui yanatoka wapi. Mvua ikija tu, umekwisha."

"Hiyo shahada yako imeshatupikia chungu gani?"

"Mama!"

"Nakuuliza tu. Kilima nakifahamu tangu hujazaliwa. Kula mkate."

Ukuta ulikuwa na ufa mwembamba. Edilene alichukua kipande cha kioo, akakibandika juu ya ufa kwa plasta, kama walivyofundishwa: ukuta ukisogea hata unywele, kioo hupasuka. Kisha akaketi kusubiri, kwa kuwa kazi nyingine hakuwa nayo.

Mchana, maharage yakiwa yanachemka kwenye sufuria ya mvuke, Dona Zulmira alizima moto. Mvuke ukapiga mluzi, ukafifia, ukakoma. Katika kimya kile kilichobaki, kitu kilisema kutoka nyuma ya matofali:

"Nibariki, mama."

Ilikuwa sauti ya Marinês. Kwamba ni yake Edilene hakuhitaji kufikiri. Mtu hafikirii akisikia sauti ya dada yake. Ila ilikuwa na unyevu, kama ya mtu anayezungumza na chakula kimejaa mdomoni.

"Mungu akubariki, mwanangu," akajibu Dona Zulmira, kwa upole, akifunua sufuria.

Kioo kikapasuka. Tak.

"Mama." Edilene alijikuta ananong'ona. "Mama, hii imeanza lini?"

"Wiki mbili." Mama alikuwa anakoroga, hakuinua macho. "Sikukwambia kwa sababu ungeniletea hesabu zako."

Edilene alibandika kioo cha pili. Jioni sauti iliomba, mama akajibu, kioo kikapasuka. Cha tatu hivyo hivyo. Ukuta haukusogea sauti ilipoomba. Ulisogea ilipojibiwa.

Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote alichosoma. Alishuka ngazi themanini kwenda kwa Dona Eufrásia.

Dona Eufrásia alikuwa mwombea watu. Mtoto akikodolewa jicho baya, mtu mzima akipatwa na uzito usio na jina, ndiye aliyeitwa; alikuja na tawi lake la arruda, mti ule wenye harufu kali, akanong'ona, akapunga, na majani yakinyauka, ubaya umehamia kwenye majani. Alikuwa mfupi, mwenye ugonjwa wa magoti na ulimi usio na dini.

"Ngazi themanini kwa magoti haya," alihema mlangoni. "Zulmira, pepo wako akiwa mdogo nitakudai magoti mapya."

"Sijakuita, Eufrásia. Ni huyu msomi."

"Msomi akiniita mimi, ujue mambo yameharibika. Nipe maji."

Aliposimama mbele ya ukuta, hakupunga tawi. Alisubiri tu, sikio limeinama. Mwishowe ikaja:

"Nibariki, mama."

Edilene alimziba mama yake mdomo kwa mkono. Ukuta ukarudia. Ukarudia tena. Dona Eufrásia akahesabu kwa vidole, uso ukimbadilika rangi.

"Umesikia, Zulmira? Haivuti pumzi. Inasema, inasema, haipumui katikati. Mwanao alikuwa na mapafu."

"Mwanangu yuko chini ya udongo. Ungekuwa wewe ungepumua?"

"Mwanao amekufa!" Yule bibi alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti kama aliyeogopa kusikika. "Watu wetu huliita pepo-egemezi. Ni jini, Zulmira, jini la kilima. Limekula watu kumi na tisa, likabaki na sauti zao kama mfupa kooni. Peke yake halina nguvu ya kusogea. Linaomba baraka kwa sababu linajua hakuna mama wa kilima hiki atakayemnyima mtoto. Kila ukijibu, umelipa hatua moja ya kuja ndani. Umelijibu mara ngapi?"

Dona Zulmira alichukua kitambaa, akafuta jasho la ukuta.

"Mara ngapi, mwanamke?"

"Kila lilipoomba."

Majani ya arruda yalikuwa meusi. Hakuna aliyeyapunga bado. Yalidondoka moja moja kwenye sakafu, na kila moja lilipodondoka lilitoa sauti nzito ya kibonge cha tope.

Dona Eufrásia alichora msalaba wa chumvi chini ya ukuta wote. Akasema: siku tatu. Siku tatu asijibu mtu, liombe lisiombe, lilie lisilie. Lisipojibiwa siku tatu litachoka, litarudi lilikotoka. Akijibu mtu mara moja tu, yeye hana dawa nyingine.

Siku ya kwanza ukuta uliomba tangu alfajiri. Dona Zulmira aliketi kwenye kiti, mikono kwenye mapaja, midomo imebanwa mpaka imekuwa myeupe. Edilene aliwasha redio. Siku ya pili uliomba mara nne tu, na jasho likakauka, na kahawa ikawa na ladha ya kahawa. Jirani yao, Seu Valdemiro, mtu mkubwa kama kabati, alipita na utani wake: "Dona Zulmira, leo hunitukani? Unaumwa?" Mama akacheka kidogo. Edilene alipoona kile kicheko aliingia chooni akalia, akiwa ameziba mdomo kwa taulo, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu Februari ile aliamini kwamba atamtoa mama yake kwenye nyumba ile akiwa hai.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mbingu ilifunga.

Ukungu ulishuka kwanza, ukameza ngazi, ukameza waya za umeme, ukameza nyumba ya Valdemiro iliyokuwa hatua ishirini tu, kisha mvua ikaja, siyo matone, bali kama mtu kainamisha pipa na hana mpango wa kuliinua. Saa nane na nusu ngazi zilikuwa mto. Saa tisa king'ora cha kilima kikalia, na baada yake ile sauti iliyorekodiwa ya mwanamke aliyelala vizuri na kula vizuri: wakazi, tafadhali nendeni kwa utulivu kwenye sehemu salama. Sehemu salama ilikuwa ukumbi wa shule, ng'ambo ya korongo ambalo sasa lilikuwa linabeba jokofu la mtu.

"Mama, viatu. Twende."

Mama alisimama. Alichukua hata koti. Na hapo ukuta ukasema, na safari hii haukuomba baraka.

"Mama, nimekukosea nini?"

Dona Zulmira aliganda, koti mkononi.

"Usisikilize. Mama, nitazame mimi. Nitazame."

"Siku tatu hunijibu. Mama, hapa ni baridi. Hapa ni giza, mama, sufuria ya watu bado ninayo, nikiiachia nitapigwa, niambie niiachie. Nibariki tu nilale."

Edilene aliimba. Hakujua wimbo gani. Alipiga kelele zenye umbo la wimbo, akamvuta mama yake kwa kiwiko, na mama akavutika hatua mbili, tatu, hadi karibu na mlango, mvua ikiwarushia maji usoni, na ukuta nyuma yao ukilia kwa ile sauti, ikipanda na kupanda bila kupumua hata mara moja, kilio kimoja kirefu kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo ambayo haiishi, mpaka Dona Zulmira akasimama, akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, na kucha zake zikaingia kwenye mbao.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema kwa nguvu zake zote. "Mungu akubariki, Marinês, akubariki, akubariki!"

Ukuta ulivimba. Edilene aliuona kwa macho yake: matofali yakisogea mbele kwa pamoja kama kifua kinachojaa hewa ya kwanza, chumvi ikisombwa na maji ya kahawia yaliyotoka chini, na katikati ya ufa vidole, au mizizi, vitu vyembamba vinavyopapasa.

Alipiga magoti. "Mama, nakuomba. Mimi pia ni mwanao. Mimi niko hai, mama. Nibariki mimi. Nibariki, mama!"

Dona Zulmira alimshika uso kwa viganja viwili. Macho yake yalikuwa makavu na yalikuwa na akili timamu, na hilo ndilo Edilene hakulisamehe baadaye.

"Mungu akubariki, Edilene wangu. Sikia. Miguu yangu imekufa kwa hofu, siwezi ngazi hizi. Kamwite Valdemiro anibebe. Nitakubali. Kimbia."

Alikimbia. Alikuwa amefika hatua ya kumi aliposikia komeo likiingia mahali pake. Aligeuka.

"Mama! Fungua! Mama, umenidanganya!"

"Nenda, mwanangu." Sauti ilitoka nyuma ya mlango, tulivu kama ya mtu anayechagua mchele. "Wewe una miguu. Mwenzio hana."

Edilene alipiga mlango kwa bega. Seu Valdemiro alitokea kwenye ukungu akimfokea, "Wewe msichana, una wazimu? Kinashuka! Kinashuka!" akamnyakua kiunoni kama gunia, na kutoka mabegani kwa yule mtu Edilene aliona kilima kizima kikikunja goti. Hakikuwa na kelele alizotarajia. Kilitoa pumzi ndefu. Nyumba ikainama mbele kwa heshima, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili, na haikuwepo.

Saa kumi na mbili wazimamoto walikuwa juu ya tope, na majirani na majembe yao, na mabeseni ya kufulia yakipita mkono kwa mkono yakiwa yamejaa udongo. Mvua ilikuwa imepungua. Edilene alichimba kwa mikono. Mara sajini wa wazimamoto aliinua ngumi juu, na kilima chote kikanyamaza: majembe yakasimama, jenereta ikazimwa, mama wa watu wakaziba midomo ya watoto. Hivi ndivyo wanavyowatafuta walio hai. Watu mia wanashika pumzi ili mmoja asikike.

Edilene alilaza sikio kwenye tope.

"Nibariki, mwanangu."

Ilikuwa karibu mno. Ilikuwa sauti ya mama yake, ile ya kila asubuhi, yenye mkwaruzo wa sigara alizoacha zamani, ila ilikuwa na unyevu.

Alizamisha vidole kwenye tope aanze kuchimba, kisha akavisimamisha. Mama haombi baraka kwa mtoto. Katika miaka sitini na saba Dona Zulmira hakuwahi kumwomba baraka yeyote kati ya watoto wake, hakuna mama wa kilima kile aliyewahi. Kitu kilichokuwa chini kilikuwa na sauti mpya lakini kilijua ombi moja tu.

"Kuna aliyesikia?" sajini aliuliza kwa kunong'ona. "Binti? Umesikia kitu?"

Edilene aliinua kichwa. Juu yao nusu iliyobaki ya kilima ilikuwa imening'inia, na kwenye ukingo wake mfenesi mmoja ulikuwa umeanza kuinama, taratibu sana, bila upepo. Chini yake walikuwa watu ishirini na sita. Na kama ni mama kweli? Aliyechanganywa na giza, na udongo mdomoni, asiyejua tena nani humwomba nani?

"Hakuna kitu," alisema. "Waondoe watu wako."

"Ni mama yako, binti. Fikiri."

"Nimesomea udongo, sajini! Kipande cha juu kinakuja. Waondoe sasa!"

Kulikuwa na kitu katika sauti yake. Filimbi ikapulizwa, watu wakatawanyika wakiteleza na kutukana, na yule wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza amekanyaga ngazi ya saruji mfenesi ulipokuja na ulimwengu wake wote. Tope lilijaa pale walipokuwa wamesimama, juu kuliko kichwa cha Valdemiro. Hakufa mtu. Sajini alimkumbatia, akamwambia asante, akamuuliza anafanya kazi wapi. 

Waliposhuka wote kwenda shuleni kunywa supu, alibaki peke yake ukingoni. Giza lilikuwa linaingia. Harufu ya udongo mbichi ilimjaa puani, na chini yake, mbali zaidi sasa, ikaja tena.

"Nibariki, mwanangu. Hapa ni baridi."

Alijua. Alikuwa ameona vioo vitatu vikipasuka kwa zamu, amemsikia Eufrásia kwa masikio yake, amemlaumu mama yake kwa udhaifu huu huu tangu saa tisa. Alikaza meno. Aliomba kichwani majina ya watakatifu wote anaowajua, akafika mwisho wao, akaanza upya. Sauti haikuvuta pumzi. Iliomba tu, na kuomba, na kuomba, na ilikuwa ya mama yake, na hakuna mtu mwingine duniani aliyebaki wa kuitumia.

"Mungu akubariki, mama," alisema Edilene.

Tope lililokuwa miguuni pake likasogea hatua moja kumwelekea. Hakurudi nyuma.